Chaza wa jiwe aliyevuka Ruvuma

KAMA kuna kitu kilichonishangaza tangu nirudi Palma, ni jiwe dogo la pembe tatu lililotoka mkobani mwa mchuuzi aliyevuka Ruvuma kutoka Kilambo. Aliliokota nyuma ya Lindi, upande wa kilima cha Tendaguru, alikokwenda kununua ufuta. Lina mbavu kama gamba la chaza.

"Kule bahari iko wapi?" akaniuliza.

Msomaji, Tendaguru inajulikana kwa mifupa ya dinosaria ambayo Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 hadi 1913, ikabebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi. Mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Kisichosemwa sana ni kwamba baina ya matabaka ya mifupa yamo matabaka ya mchanga wa bahari, na mawili kati yake wataalamu waliyaita kwa jina la chaza aliyejaa humo: Trigonia. Yaani bahari iliifunika nchi ile, ikarudi nyuma, ikaifunika tena, tangu kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita.

Chaza hao walienea bahari nyingi za dunia. Dinosaria walipotoweka, miaka milioni 66 iliyopita, nao karibu wote wakaisha, na wataalamu wakadhani hakuna aliyesalia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Péron akaokota gamba bichi Tasmania. 1804 Lamarck akalitangaza. Hadi leo walio hai wanapatikana pande za Australia tu.

Nikalipeleka jiwe kwa bibi jirani yangu, anayeokota chaza mikokoni maji ya bamvua yakitoka. Alikimbia Machi 2021 mji uliposhambuliwa. Aliporudi, chaza ndio waliomlisha kabla hajapata hata muhogo. Akaligeuza, akapitisha ukucha pale magamba mawili yanapokutana.

"Huyu hakufunguliwa na mtu. Kafa kafunga mdomo."

Nikamweleza kwamba ndugu zao wa karibu zaidi leo si hawa wa mikokoni, bali kome wa maji baridi, kama wale wa Ziwa Nyasa.

Akacheka. "Kumbe ukoo wao nao umetawanyika, mjukuu wangu."

Mchuuzi alikuwa anataka jiwe lake. Bibi akamrudishia, kisha akamuuliza mchele Mtwara sasa kilo shilingi ngapi.