Sinema za Nyumbani: Utepe, Mtambo na Watunzaji Wake

Mwishoni mwa juma moja la mwaka 1965, kundi dogo la watu lilikutana katika mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Hawakuwa wenye majumba ya sinema. Walikuwa wakusanyaji wa filamu, watu wanaoweka nyumbani kwao makopo ya filamu za zamani pamoja na mitambo ya kuzionyeshea. Kilichowaunganisha kabla ya siku hiyo kilikuwa gazeti dogo la wakusanyaji wa filamu za milimita 8 lililotolewa katika mji huo huo. Sasa walizima taa, wakawasha projekta, na kutazama pamoja kile ambacho kila mmoja alikuwa amezoea kukitazama peke yake. Mkutano huo uliitwa Cinecon, na ukawa mzazi wa mikutano mingi ya aina hiyo.

Kwa mtazamaji wa juu juu, hayo yaweza kuonekana kuwa burudani ya watu wenye nafasi. Lakini ndani yake mna suala zito la kisayansi. Filamu ni kumbukumbu ya pekee ya mambo mengi ya karne ya 20, na kumbukumbu hiyo imechorwa juu ya dutu inayooza. Aidha, haisomeki bila mtambo, na mtambo haufanyi kazi bila mikono iliyofundishwa. Pale ambapo viwanda vimeacha kutengeneza mitambo hiyo, elimu yake imebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu hao wanaokutana Jumamosi na Jumapili.

UTEPE MWEMBAMBA WAINGIA NYUMBANI

Filamu ya kawaida ya majumba ya sinema ina upana wa milimita 35. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyingi zilitengenezwa kwa naitreti ya selulosi, dutu iliyo na udugu wa karibu na baruti. Inapowaka hutoa oksijeni yake yenyewe, hivyo huendelea kuwaka hata ikitumbukizwa majini. Kitu cha namna hiyo hakikufaa kuwekwa sebuleni.

Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa utepe wa milimita 9.5, ambao matundu yake ya kuvutia yako katikati, baina ya picha na picha, ili karibu upana wote utumike kwa picha. Mwaka uliofuata kampuni ya Kodak ya Marekani ikatoa utepe wa milimita 16. Tepe hizo zilitengenezwa kwa aseteti ya selulosi, iliyoitwa filamu ya usalama kwa kuwa haishiki moto upesi. Bei haikuwa ya watu wote: kamera ya kwanza ya milimita 16 pamoja na projekta na vifaa vyake iliuzwa kwa dola 335. Mwaka 1932 ukaja utepe wa milimita 8. Huu ulikuwa utepe wa milimita 16 uliopitishwa kamerani mara mbili, nusu moja kwanza na nusu ya pili baadaye, kisha ukapasuliwa katikati baada ya kusafishwa. Gharama ikashuka sana.

Mwaka 1965, mwaka ule ule wa mkutano wa Indiana, ilitoka Super 8. Matundu yake yalifanywa madogo ili picha ipate nafasi kubwa zaidi, na utepe ukafungiwa ndani ya kasha ili mpigaji asihangaike kuupachika. Kasha moja lilikuwa na futi 50 za utepe, yaani mita 15 hivi, zenye picha 3,600. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, hizo ni dakika 3 na sekunde 20 tu. Ndiyo sababu sinema nyingi za nyumbani ni vipande vifupi: mtoto akijifunza kutembea, bibi arusi akishuka garini, mjomba akicheka na kujificha uso.

PROJEKTA HUFANYAJE KAZI?

Wengi hudhani kwamba utepe hupita mbele ya taa kwa mwendo laini usiokatika. Ungepita hivyo, mtazamaji angeona michirizi tu. Kwa hakika kila picha husimama kabisa kwa kitambo kidogo. Ukucha wa chuma hujipenyeza katika tundu la utepe, huvuta picha moja chini, kisha hujiondoa. Wakati wa kuvuta, bamba linalozunguka huziba mwanga. Picha ikisha kutulia, mwanga hufunguliwa na picha huonekana kwenye kitambaa cheupe.

Lakini mimuliko 18 kwa sekunde ni michache mno, na jicho lingeona mwanga ukipepesa. Kwa hiyo bamba hilo hupewa mapanga matatu, na kila picha humulikwa mara tatu kabla ya kuondolewa. Mara 18 kwa 3 ni mimuliko 54 kwa sekunde, na hapo jicho huona mwanga mmoja usiokatika. Filamu ya sauti ya milimita 16 huenda kwa picha 24, na mapanga mawili huipatia mimuliko 48.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hulikagua kabla ya yote. Magurudumu yenye meno husukuma utepe bila kusita, hali ukucha huuvuta kwa kushtukiza. Ili miendo hiyo miwili isigombane na kuurarua utepe, huachwa kitanzi kilicholegea juu ya lenzi na kingine chini yake. Kitanzi kikipotea, picha huruka ruka na matundu huanza kuchanika. Utepe ukikwama mbele ya taa kali, picha huungua na kutoboka mbele ya macho ya watazamaji.

Basi, katika mikutano hiyo projekta mbovu hununuliwa kwa furaha kama nzima. Mkanda wa mpira uliolegea, grisi iliyoganda kwa kukaa miaka mingi, taa isiyotengenezwa tena kiwandani, yote hutafutiwa dawa mezani, na mashine tatu zilizokufa huzaa moja iliyo hai. Mfano mmoja mashuhuri ulikuwa Cinefest ya mjini Syracuse, iliyofanyika kila mwaka tangu 1981 hadi 2015, ambako filamu adimu za milimita 16 zilionyeshwa na wauzaji wakapanga makopo yao mezani.

HAZINA MIKONONI MWA WATU BINAFSI

Manufaa ya wakusanyaji hao hayakuishia katika kuwafurahisha wao wenyewe. Mwaka 1954 kijana mmoja wa Uingereza, Kevin Brownlow, aliyekuwa bado mwanafunzi, alipata vipande vya filamu ya Kifaransa iitwayo Napoléon, iliyotengenezwa na Abel Gance mwaka 1927. Vilikuwa vya milimita 9.5, vimefupishwa kwa matumizi ya nyumbani, na filamu yenyewe ilikuwa imekatwa katwa na kukaribia kusahauliwa. Brownlow alivitazama nyumbani kwao, akashangazwa na ufundi wake, akaanza kutafuta sehemu nyingine popote zilipo. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi. Mwezi Novemba 1980 filamu hiyo ilionyeshwa London kwa muda unaokaribia saa 5, na kupigiwa muziki na okestra ukumbini. Mwaka 2010 Brownlow alipewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa jitihada zake za kuhifadhi sinema.

Hata picha za familia zimetambuliwa kuwa hazina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wenye asili ya Japani waliwekwa katika kambi, na kamera zilikatazwa humo. Mmoja wao, Dave Tatsuno, alifaulu kuingiziwa kamera yake ya milimita 8 katika kambi ya Topaz, jimbo la Utah, akapiga kwa siri maisha ya kila siku: watoto, theluji, ibada, watu wakifanya kazi. Mwaka 1996 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa nchini Marekani. Wakati Tatsuno anaificha kamera yake, kitu chake hicho kilikuwa sinema ya nyumbani tu.

Kwa kutambua hilo, watunza nyaraka wa Marekani walianzisha Siku ya Sinema za Nyumbani, iliyofanyika kwa mara ya kwanza tarehe 16 Agosti, 2003, na baadaye ikaenea katika nchi nyingine. Siku hiyo mtu yeyote huleta kopo alilorithi, hata kama hana projekta wala hajui limebeba nini. Kabla ya kuonyeshwa, utepe hukaguliwa mezani kwa mkono, futi kwa futi. Ukionekana salama, taa huzimwa. Mara nyingi huyo aliyeuleta huwa hajapata kuuona, na humtambua marehemu babu yake mbele ya ukumbi mzima.

HARUFU YA SIKI

Adui mkubwa wa hazina hiyo hutambulika kwa pua. Mkusanyaji akifungua kopo na kukutana na harufu ya siki, hujua kwamba utepe umeanza kuoza. Aseteti hutengenezwa kwa kuiunganisha selulosi na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyo katika siki. Joto na unyevu wa hewa huuvunja muungano huo, na asidi hutoka tena. Hatari kubwa ni kwamba asidi iliyokwisha kutoka huwa kichocheo cha kutoa nyingine. Kwa miaka mingi uozo huenda polepole sana, kisha ghafla hushika kasi. Utepe hunywea, hujikunja, huwa mkavu na kukatika. Ukinywea kwa asilimia moja tu, matundu hayaafikiani tena na meno ya projekta.

Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa utepe mpya wa aseteti, ukihifadhiwa katika joto la nyuzi 21 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 50, huchukua kiasi cha miaka 40 hadi 50 kabla ya kufikia hatua hiyo ya kasi. Joto likipungua kwa nyuzi tano au sita hivi, umri huo huelekea kuongezeka maradufu. Kinyume chake pia ni kweli. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako joto hupita nyuzi 25 na unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, utepe ulioachwa kabatini hauwezi kutumainiwa kufikia hata nusu ya umri huo.

KUONYESHA AU KUFUNGIA?

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli miongoni mwa wapenzi wa filamu. Kila utepe unapopita katika projekta hupata mikwaruzo, na mtunza nyaraka mkali angependa uwekwe katika chumba baridi usiguswe. Mkusanyaji naye hujibu kwamba filamu isiyotazamwa husahauliwa, na kilichosahauliwa hutupwa siku nyumba inapohamwa. Njia ya kati ni kutengeneza nakala, siku hizi kwa mitambo inayoipiga kila picha na kuigeuza kuwa tarakimu za kompyuta, kisha nakala ionyeshwe na asili ipumzishwe.

Lakini nakala si idhini ya kutupa asili. Filamu ya Kijerumani Metropolis ya mwaka 1927 ilikatwa baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza, na sehemu zilizoondolewa zikadhaniwa zimepotea. Mkusanyaji mmoja wa Argentina alikuwa na kopi ndefu ya milimita 35. Baadaye kopi hiyo ilihamishiwa katika utepe wa milimita 16 kwa ajili ya usalama, na ile ya naitreti ikaangamizwa. Nakala hiyo ilipotambuliwa mjini Buenos Aires mwaka 2008, ilirudisha kiasi cha dakika 25 zilizopotea, pamoja na mikwaruzo yote ya kopi ya kwanza, iliyokwisha kuwa sehemu ya picha na isiyoweza kufutika kabisa.

SOMO KWA AFRIKA MASHARIKI

Utepe wa milimita 16 una historia ndefu katika nchi hizi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa sinema za elimu ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya wananchi wa vijijini. Zilipigwa kwa milimita 16, na sauti ikatiwa katika sahani za santuri. Zinazojulikana kuwapo leo ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Moja yahusu minyoo ya safura, nyingine mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Nyuso, sauti na kazi za watu waliokuwa katika nyingine zote hazipo tena. Baadaye magari ya sinema yalizunguka vijijini kwa miaka mingi yakibeba projekta za aina hiyo hiyo, na familia kadhaa za mijini zilijipigia filamu zao za arusi na sikukuu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye kopo la filamu nyumbani aliweke mahali pakavu na pa baridi kuliko pote, si darini wala karibu na jiko. Kopo linalonuka siki litengwe na mengine, kwa kuwa mvuke wake huambukiza. Maandishi yaliyo juu ya kopo yasitupwe, maana huenda ndiyo pekee yanayotaja majina na mwaka. Na utepe usipachikwe katika projekta ya zamani kabla haujapitiwa kwa mkono na mtu anayejua.

Mtu huyo ndiye anayeanza kuwa adimu. Chumba cha baridi chaweza kujengwa kwa fedha, na kompyuta zaweza kununuliwa. Lakini kiganja kinachotambua utepe ulionywea, na sikio linalosikia kitanzi kikipotea kabla picha haijaruka, hupatikana kwa kukaa kando ya mwingine aliyetangulia kujua. Elimu hiyo hurithishwa gizani, mashine ikinguruma, mwishoni mwa juma.