Saa Ndani ya Jina: Majina ya Mabinti wa Kipsigis

Waakan wa Ghana humpa binti jina la siku aliyozaliwa: Afua ni wa Ijumaa, Ama wa Jumamosi. Wakipsigis wa Kericho na Bomet, kwa upande wao, aghalabu hutazama kipindi cha siku. Kiambishi Che- au Chep- huashiria mwanamke, nacho Ki- au Kip- mwanamume. Mzizi ndio ubebao wakati. Hivyo, Chepkoech ni wa alfajiri, Chebet wa mchana, Chelangat wa jioni na Chepkemoi wa usiku. Kaka zao ni Kipkoech, Kibet, Kiplangat na Kipkemoi. Cherotich huzaliwa ng'ombe wakirejea zizini, naye Cherop mvua ikinyesha.

Hii ni saa ya wafugaji. Mashamba makubwa ya chai yalileta saa ya kazi na mshahara, lakini ile ya zizi imesalia majinani. Itapotea iwapo majina haya yatateuliwa kwa utamu wa sauti pekee. Nasi wanafunzi wa fasihi tusiyasome kama vitambulisho vitupu: Cherotich akizaliwa usiku wa manane riwayani, ama mwandishi ameteleza, ama anatudokezea jambo.