Mlimani: kutoka Cheche hadi bumu

Desemba 1969 gazeti la chama tawala TANU, The Nationalist, lilimshambulia kwa tahariri kali mhadhiri wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Walter Rodney wa Guyana, kwa kuhubiri kupinduliwa kwa serikali za Afrika huru. Siku chache baadaye gazeti hilohilo, mhariri wake akiwa Benjamin Mkapa, likachapa barua ya Rodney ya kujieleza. Msomaji alipata karipio na jibu lake.

Siipambi enzi ile. Mwaka 1966 wanafunzi zaidi ya 300 walitimuliwa kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Novemba 1970 serikali ikaifuta USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ulioongozwa awali na Yoweri Museveni, pamoja na jarida lake, Cheche. Lakini tazama kilichofutwa: karatasi za kurudufu, ambazo mwaka uleule zilibeba hoja ya kijana Issa Shivji kwamba utaifishaji haukuwa umekata kamba iliyowafunga warasimu na mabepari wa nje. Dola ilikifunga kijarida kwa kuwa kilisomwa. Leo ni jarida gani la chuo lenye hadhi ya kufungwa?

Marufuku ile haikuua mjadala. Maji Maji ilishika nafasi ya Cheche, na mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga marupurupu ya wakubwa. Kilichoua, kwa maoni yangu, ni njaa. Shilingi iliporomoka miaka ya 1980, mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi, na mhadhiri akageuka mshauri elekezi. Ushauri elekezi una hadidu za rejea: swali huulizwa na mwenye fedha, jibu hukabidhiwa kwake, na ripoti hulala kabatini. Hakuna wa kuipinga kwa sababu hakuna aliyeiona.

Mwanafunzi naye alipelekwa kwenye kuchangia gharama, kisha Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Siasa za chuo zikawa bumu, yaani fedha za kujikimu: limechelewa, limekatwa, fulani kakosa. Wanaowacheka vijana kwa hilo hawajawahi kudaiwa kodi ya chumba Sinza usiku wa kuamkia mtihani.

Ndipo ikaja sheria ya takwimu. Marekebisho ya 2018 yalifanya kosa kuchapisha namba zinazokinzana na za serikali. Yalilegezwa 2019, baada ya Benki ya Dunia kuyalalamikia hadharani. Benki ya Dunia! Warithi wa Rodney wakitetewa na taasisi ambayo kizazi chake kiliihesabu upande wa adui.

Makongamano bado yapo, na Ukumbi wa Nkrumah hujaa. Mgeni rasmi huchelewa, husoma hotuba aliyoandikiwa, hupigwa picha ya pamoja na wadau. Kisha mshereheshaji hushika kipaza sauti: maswali matatu tu, muda umetutupa mkono.