Tingatinga limenyamaza: Pima nyaya kabla ya kununua kompyuta

TINGATINGA la kuchimba linapokwama katikati ya kazi na skrini kuonyesha kwamba mawasiliano yamekatika, mwenye mashine huambiwa upesi kuwa kompyuta imeungua. Hukumu hiyo humtoa pesa nyingi, na mara nyingi kosa huwa ni la waya, soketi iliyoota kutu au betri dhaifu.

Katika eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, mashine hizi hutegemewa kuchimba mitaro, mabwawa ya maji na kufungua barabara za mashambani, tangu Naitiri hadi Ndalu. Wakandarasi wengi wadogo hununua zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikaingia nchini kupitia bandari ya Mombasa.

Mashine ya namna hiyo ikilala, mwenyewe hukosa kodi ya siku huku deni lake likiendelea kukua. Naye mkulima anayetaka bwawa likamilike kabla ya masika hawezi kuyaomba mawingu yamsubiri.

Matingatinga ya kisasa hayaendeshwi kwa chuma na mafuta pekee. Injini, pampu ya haidroliki na skrini ya mwendeshaji, kila kimoja kina kisanduku chake cha kompyuta, na visanduku hivyo hupashana habari kwa nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja.

Mfumo huo unaitwa CAN, na ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka wa 1986. Kanuni zake kwa magari na mitambo mizito hujulikana kama J1939, nazo zilitungwa na chama cha wahandisi cha SAE cha Marekani.

Utaratibu wake unafanana na ule wa baraza. Kila kisanduku husikia yote yasemwayo. Viwili vikianza kunena kwa pamoja, chenye ujumbe mzito huendelea na mwenzake hunyamaza hadi zamu yake ifike. Waya mmoja ukikatika au nyaya mbili zikigusana, baraza zima huvurugika.

Ndiposa fundi hodari huanza kwa kuuliza nani analalamika kuhusu nani. Aandike namba zote za hitilafu zilizo kwenye skrini kabla ya kuzifuta, kwani ndizo ushahidi wake.

Ikiwa visanduku vyote vinalalamika kwamba kimoja hakisikiki, basi achunguze hicho kimoja: fyuzi yake, umeme unaokifikia, na waya wa hasi uliofungwa kwenye chuma cha mashine. Lakini ikiwa kila kisanduku kinalalamikia wenzake, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye nyaya kuu zinazoviunganisha.

Betri nayo isisahauliwe. Matingatinga mengi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuleta volti 24. Umeme ukishuka mno wakati wa kuwasha injini, visanduku huzimika kwa nukta chache na kuacha namba za hitilafu zinazompotosha fundi.

Baada ya hapo ndipo mita ya mkononi hutumika. Ndoo ya kuchimbia ishushwe ardhini, ufunguo uzimwe, waya wa betri uondolewe, kisha ukinzani upimwe kati ya nyaya mbili za data. Kwenye mashine zenye plagi ya mviringo ya J1939 yenye pini 9, nyaya hizo ziko kwenye pini C na D.

Kila ncha ya mtandao huwa na kikinza cha omu 120. Kwa kuwa viko viwili sambamba, mita inapaswa kusoma takriban omu 60. Ikisoma 120, kikinza kimoja hakipo au waya umekatika. Ikikaribia sufuri, nyaya zimegusana. Ikisoma 40, kuna kikinza cha tatu kilichoongezwa pasipostahili.

Nyaya zikiwa zimegusana, fundi achomoe kisanduku kimoja baada ya kingine huku akitazama mita. Kile ambacho kikichomolewa sufuri inatoweka, ama ni kibovu chenyewe au tawi lake la waya ndilo lenye dosari. Akumbuke tu kwamba baadhi ya visanduku vina kikinza ndani yake, hivyo kuvichomoa huipandisha mita hadi 120.

Kisha betri irudishwe na ufunguo uwashwe bila kuwasha injini. Kila waya wa data upimwe dhidi ya hasi ya betri: mmoja husoma juu kidogo ya volti 2.5 na mwingine chini kidogo. Waya ukisoma karibu na volti 24, umegusa umeme wa betri. Ukikaribia sufuri, huenda umegusa chuma.

Hata hivyo, vipimo hivi havifai kila mashine. Kwa mfano, matingatinga mengi ya zamani ya Caterpillar yalitumia mtandao wa kampuni hiyo yenyewe uitwao Cat Data Link, ambao hausomwi kwa kipimo cha omu 60. Mashine nyingine zina mitandao miwili au zaidi. Kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi.

Chanzo cha madhara haya mara nyingi ni mazoea. Meno ya ndoo huchomelewa bila kuondoa waya wa betri, na umeme wa kuchomelea ukapenya hadi kwenye visanduku. Mashine huoshwa kwa maji ya kasi yakaingia kwenye soketi. Panya hutafuna nyaya mashine ikilazwa karibu na ghala la mahindi.

Aidha, kuna mafundi wanaotoboa waya kwa sindano ili kupima, na kitundu hicho huingiza maji msimu wa mvua. Waya uliokatika uunganishwe barabara, uzibwe usipitishe maji, na usokotwe tena na mwenzake, kwani msokoto huo ndio unaouzuia usumbuliwe na umeme wa kando.

Kununua kisanduku kutoka kwa mashine iliyokufa nako si njia ya mkato. Hata kikiwa kizima, huenda kikakataa kufanya kazi hadi kipewe programu ya mashine kinakowekwa.

Kwa anayekusudia kununua tingatinga kuukuu, ni heri aombe kuona kumbukumbu za hitilafu, kisha aliache lifanye kazi hadi lipate joto, maana nyufa nyingi za nyaya hujificha mashine ikiwa baridi. Rekodi isiyo na doa hata moja kwenye mashine iliyofanya kazi miaka mingi huenda ikawa imefutwa asubuhi hiyo hiyo.