Nyumba ya Chai katika Mji wa Kale wa Kiingereza



Kila mtu kwetu aijua chai. Hunywewa asubuhi kabla ya kwenda shamba, na mgeni apigapo hodi, sufuria hubandikwa motoni. Waingereza nao wana desturi yao ya chai, na desturi hiyo ina nyumba yake, saa yake na adabu zake. Leo napenda kuwaelezeni habari za nyumba hiyo, ili yule atakayejaliwa kusafiri asikae mezani kama mtu aliyefungwa ulimi, na yule asiyesafiri ajue jani la chai huishia wapi likitoka katika milima yetu.

Ili maneno yasiwe ya hewani, natwaa mji mmoja kuwa mfano. Mji huo ni Rye, mji mdogo juu ya kilima, upande wa kusini mashariki ya Uingereza. Zamani maji yaliuzunguka karibu pande zote, nao ulikuwa bandari. Mwaka 1377 Wafaransa waliujia kwa merikebu, wakauchoma moto na kuchukua kengele za kanisa. Baadaye matope na mchanga vilijaa, bahari ikarudi nyuma, na leo iko mbali kiasi cha kilometa 3. Lakini lango la mawe lililojengwa mwaka 1329 lingali limesimama, na nyumba nyingi za kale za boriti na lipu zingali zinakaliwa na watu.

Mtaa uitwao Mermaid Street umetandikwa mawe ya mviringo, tena una mwinuko mkali; basi mgeni na avae viatu imara. Kileleni liko kanisa la Mtakatifu Maria, lenye saa kubwa iliyowekwa kati ya mwaka 1561 na 1562. Nje ya mnara pana sanamu mbili za wavulana zilizopakwa rangi ya dhahabu. Hizo hugonga kengele kila robo saa, lakini saa yenyewe hazigongi. Wakati wa chai ni baina ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja alasiri. Ukizisikia zikigonga wakati huo, shuka mtaani utafute nyumba ya chai.

Nyumba ya namna hii kwa kawaida ni ndogo. Mlango ni mfupi, na mtu mrefu hana budi kuinamisha kichwa. Boriti za dari ni nyeusi kwa uzee, na meza ni chache. Usijitafutie kiti mwenyewe. Simama karibu na mlango mpaka mhudumu aje, umweleze mko watu wangapi, naye atawaonyesha meza. Neno la tafadhali na neno la asante hutumika huko kila mara, hata kwa jambo dogo la kupewa kijiko.

Sasa tuitazame meza. Utaletewa buli la chai, jagi dogo la maziwa, bakuli la sukari, chujio, na mara nyingi buli la pili lenye maji ya moto tupu. Hapa ndipo desturi yao inapoachana na yetu. Sisi huchemsha maji, majani, maziwa na sukari pamoja katika sufuria moja. Wao hutia majani katika buli lililopashwa moto kwanza, humimina juu yake maji yanayotokota, kisha huacha dakika 3 hadi 5. Majani hayachemshwi. Yakikaa muda mfupi mno, chai huwa maji. Yakikaa mno, huwa chungu. Ndiyo kazi ya buli la pili: chai ikizidi ukali, huongezwa maji ya moto. Maziwa na sukari kila mtu hujitilia apendavyo katika kikombe chake.

Vyakula huagizwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni chai kamili ya alasiri, nayo huletwa juu ya kinara chenye sahani tatu, moja juu ya nyingine. Kwa kawaida chini huwapo vipande vidogo vya mkate vilivyotiwa tango, mayai au samaki; katikati huwapo skonzi; na juu keki ndogo. Watu huanza chini wakapanda juu, yaani chumvi kwanza na tamu mwisho. Namna ya pili ni nyepesi: chai, skonzi, jamu na malai mazito tu.

Skonzi zao si kama mikate yetu ya mviringo iitwayo kwa jina hilo. Hazitiwi hamira ya kuumua kwa saa nyingi. Ni unga, siagi, maziwa na hamira ya unga, nazo huokwa upesi na kuliwa zingali moto. Hukatwa mara mbili kwa upana, kisha kila nusu hupakwa peke yake. Na hapa pana ubishi wa miaka mingi: watu wa Devon hupaka malai kwanza na jamu juu yake, watu wa Cornwall hupaka jamu kwanza na malai juu yake. Mgeni na afanye apendavyo, wala asijitie katika vita visivyo vyake.

Adabu zilizobaki ni chache. Koroga polepole bila kugonga kikombe, kisha kijiko ukilaze juu ya kisahani. Usivute chai kwa sauti. Wengine hudhani ni uungwana kuinua kidole cha mwisho wakishika kikombe; sivyo, huo huchekwa. Mkimaliza, omba hesabu kwa sauti ya kawaida, bila kumpigia mhudumu makofi. Yatazameni yote haya, mtaona hayana siri yoyote. Shabaha yake ni kutomwudhi jirani, na hiyo ni adabu tuliyofundishwa sisi sote nyumbani.

Je, desturi hii ni ya tangu zamani sana? Hasha. Chai ilianza kujulikana Uingereza katikati ya karne ya 17, nayo ilikuwa ghali mno. Chai ya alasiri husemwa kuwa ilianzishwa kiasi cha mwaka 1840 na bibi mkubwa mmoja, Anna, mke wa Duke wa Bedford, kwa kuwa chakula cha jioni kilikuwa kikiliwa usiku na yeye alishikwa na njaa kabla yake.

Kabla ya hapo chai iliwahi kumwaga damu, na mji wa Rye waijua habari hiyo. Katika karne ya 18 serikali ilitoza kodi kubwa juu ya chai, watu wakaiingiza kwa magendo usiku katika pwani ile. Kundi moja kali, lililoitwa kwa jina la kijiji cha Hawkhurst, lilikuwa likikutana katika nyumba ya wageni ya Mermaid hapo hapo Rye. Mwezi wa Oktoba 1747 kundi hilo lilivunja forodha ya mji wa Poole ili kujitwalia tena chai iliyokamatwa, na baadaye wakubwa wake walinyongwa. Jambo lililoidhoofisha biashara hiyo kuliko kamba ya kunyongea lilikuwa sheria ya mwaka 1784, iliyoshusha kodi kutoka asilimia 119 hata asilimia 12 na nusu. Chai ilipokuwa rahisi, maskini naye aliinywa bila kuvunja sheria.

Nyumba za chai za watu wote zilienea London tangu mwaka 1864. Faida yake kubwa waliiona wanawake. Siku zile mwanamke wa heshima hakuweza kuingia peke yake katika nyumba ya pombe pasipo kusemwa vibaya, lakini katika nyumba ya chai aliweza kuketi na wenziwe, akala, akazungumza. Wale waliodai haki ya kupiga kura walikutana humo mara nyingi kufanya mashauri yao. Mwaka 1918 baadhi ya wanawake walipata kura, na mwaka 1928 wakaipata sawasawa na wanaume.

Wala tusisahau jasho lililomo katika kikombe. Sukari ya zamani ya Waingereza ilitoka katika mashamba ya visiwa vya Karibi, ambako Waafrika walifanyishwa kazi ya utumwa. Na mwaka 1791 watu wengi huko Uingereza walikataa kuitia katika chai yao kwa sababu hiyo. Chai yenyewe ilitoka Uchina, kisha Bara Hindi, na baadaye kwetu. Ilipandwa Limuru mwaka 1903, ikaenea Kericho, na katika Tanzania ipo Usambara, Mufindi na Rungwe. Leo sehemu kubwa ya chai inywewayo Uingereza hutoka Kenya. Mchumaji huamka na umande, huchuma majani mawili na chipukizi moja, hutupa kapuni, na hulipwa kwa uzito.

Basi, ndugu zangu, yeyote wenu atakayeingia siku moja katika nyumba ile yenye mlango mfupi, na aketi kwa utulivu, wala asione haya. Akiulizwa kama apenda chai, ana haki ya kujibu kwamba aifahamu tangu ingali jani bichi. Tena atamfanyia mchumaji wa kwao heshima akiwasimulia wenyeji jinsi inavyochumwa, kwa maana wengi wao hawajapata kuliona shamba la chai.