Maji Kwanza, Upondo Baadaye
Nasaha kwa kijana aanzaye kazi ya kusafisha madirisha, na kwa wazazi wampao mtaji

Zipo kazi ambazo mtu huzidharau akizitazama kwa mbali, na akiisha kuzikaribia huona ya kuwa zina elimu yake, hesabu yake na hatari yake. Kazi ya kusafisha madirisha ya nyumba za watu katika Uingereza ni mojawapo. Vijana wa jamaa zetu walioko huko huitazama kuwa ni mlango wa riziki ya halali: haidai masomo ya miaka mingi, haimfungi mtu kwa bwana, na nyumba zenye madirisha machafu hazihesabiki. Lakini kila aingiaye katika kazi hii hukutana mara moja na swali la vyombo, na hapo ndipo akiba ya nyumba nzima iwezapo kupotea. Kwani fedha inunuayo vyombo hivi mara nyingi si ya kijana peke yake. Ni zamu ya mama katika upatu, ni akiba ya baba ya miaka, au ni ya arusi iliyoahirishwa. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuseme na wazazi na vijana pamoja.

Zamani vyombo vya kazi hii vilikuwa ndoo, kitambaa, kifutio cha mpira, na ngazi. Ngazi ndiyo iliyokuwa na madhara. Wahenga wamesema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Na wako wasafishaji walioshuka kwa kuanguka, wakavunjika migongo au wakafa. Mwaka 2005 ikatoka katika Uingereza sheria juu ya kazi za mahali pa juu. Sheria hiyo haikuikataza ngazi kabisa, bali inaamuru kwamba kazi iwezayo kufanywa bila ya mtu kupanda juu, ifanywe bila ya kupanda. Na amri hiyo inamhusu hata mtu afanyaye kazi yake mwenyewe. Basi njia ya upondo na maji safi, iliyokuwako tangu kabla yake, ikazidi kuenea.

Msomaji wa Pwani aujua upondo wa kuendeshea mashua penye maji haba. Huu tuusemao ni mfano wake: mti mrefu wa vipande viingianavyo, wenye brashi juu, na mpira mwembamba upelekao maji mpaka kwenye brashi. Mfanyakazi husimama chini, akasugua kioo na miimo yake, kisha akasuuza na kwenda zake. Hafuti kwa kitambaa. Kioo hujikausha chenyewe.

Mtu atauliza: Je, hakiachi madoa? Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yote. Maji ya bomba yamebeba chokaa na chumvi nyingine zilizoyeyuka, zisizoonekana kwa macho. Maji yakikauka, hizo hubaki juu ya kioo kama madoa meupe. Lakini maji yaliyoondolewa chumvi zote hayana cha kuacha nyuma. Kwa hiyo msafishaji hauzi upondo wala brashi. Kwa hakika auzacho ni maji, na maji ndiyo yatakayomla au kumlisha.

Tuchukue mfano wa ndugu wawili. Mkubwa anakaa Glasgow, mdogo anakaa London. Mkubwa amekwisha kufanikiwa, na mdogo anamwambia, "Kaka, nipe orodha ya vyombo vyako, nami ninunue vivyo hivyo." Kaka kwa mapenzi yake anampa. Mama anatoa fedha za upatu, vyombo vinanunuliwa kimoja kimoja kama ilivyoandikwa. Baada ya majuma machache mdogo anaanza kulalamika kwamba kazi haina faida. Kosa liko wapi? Si katika bidii yake, wala si katika nasaha ya kaka yake. Kosa liko katika bomba.

Maji ya Glasgow hutoka katika ziwa la Loch Katrine milimani, nayo ni laini, yenye chumvi kidogo sana. Maji ya London ni magumu, yamejaa chokaa. Kila mama aliyekaa huko ameiona ndani ya birika lake. Sasa, njia ya kuyasafisha iliyo nyepesi kuliko zote ni kuyapitisha katika mtungi uliojaa punje za rezini, ambazo huzinasa chumvi zilizomo. Lakini punje hizo zina kiasi cha kubeba; zikishiba hazinasi tena, na hapana budi kununua nyingine.

Natufanye hesabu. Tuseme maji ya kaka yana miligramu 30 za chumvi katika kila lita, na ya mdogo yana 300. Rezini iliyotosha kusafisha lita 30,000 kwa kaka itasafisha lita 3,000 tu kwa mdogo wake. Tuseme tena kwamba kila mmoja husafisha nyumba 10 kwa siku, na kila nyumba hutumia lita 20; hizo ni lita 200 kwa siku. Kaka atafanya kazi siku 150 kabla ya kubadili rezini. Mdogo ataibadili kila siku 15. Vyombo ni vile vile, bidii ni ile ile, lakini mmoja anajenga na mwingine anabomoa.

Dawa ya maji magumu ni kuongeza mtambo wenye utando mwembamba, ambao maji husukumwa ndani yake kwa nguvu ya bomba. Maji hupenya, na sehemu kubwa ya chumvi huzuiliwa. Utando ukiondoa sehemu 95 katika kila 100, zile miligramu 300 zitabaki 15, na rezini ile ile ya mdogo itasafisha lita 60,000 badala ya 3,000, yaani kazi ya siku 300. Lakini mtambo nao una madai yake. Kabla ya utando sharti kuwe na chujio la kuzuia taka na chujio la makaa la kuondoa klorini, kwani klorini huuharibu. Kadhalika sehemu ya maji hutoka kama maji ya kumwagwa; huenda ikawa nusu, au zaidi. Atakaye lita 200 na atie katika hesabu lita 400 au zaidi za bomba, hasa ikiwa maji ya nyumba yanalipiwa kwa mita. Tena kazi ya utando ni ya polepole, na maji ya baridi huzidi kuichelewesha. Basi matangi hujazwa usiku, si asubuhi watu wanapongoja.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kununuliwa kiwe ni kile kidogo cha mkononi kinachopima chumvi ndani ya maji. Bei yake ni ndogo kuliko ya upondo wowote. Kijana akitie katika gilasi ya maji ya bomba la nyumbani mwake, asome namba. Ikiwa ni chini ya 100, yaelekea mtungi wa rezini utamtosha kuanzia. Ikiwa ni mamia, na auweke mtambo wa utando mbele ya mambo yote. Na baada ya hapo kipimo hicho kiwe rafiki yake wa kila siku: maji yaendayo kwenye kioo yasome 0, na yakianza kupanda, ajue rezini inashiba kabla mwenye nyumba hajamwita kumwonyesha madoa.

Akiisha kuyajua maji, ndipo autazame upondo. Hapa vijana wengi hununua urefu wa kujionyesha. Nyumba za kawaida za huko zina ghorofa ya chini na moja juu yake. Upondo wa futi 20 hivi aghalabu huzitosha. Upondo wa futi 40 ni ghali, ni mzito, na mwenye nao huubeba kila siku kwa ajili ya kazi ambayo huenda haijampata. Katika jinsi zake, upondo wa nyuzi za kioo ni wa bei nafuu lakini ni mzito na hupinda. Wa nyuzi za kaboni ni mwepesi na mkavu, na bei yake hupanda kwa kadiri ya wepesi wake. Na uko uliochanganya vyote viwili, ambao humfaa aanzaye. Asinunue kwa kusoma uzito ulioandikwa. Aushike ukiwa umenyooshwa wote, una brashi yake na mpira wenye maji, autembeze ukutani kwa dakika 10. Mabega yake yatamwambia zaidi ya muuzaji. Wala asisahau kwamba kaboni na alumini hupitisha umeme, na hata nyuzi za kioo zikilowa si za kuaminiwa. Penye nyaya za umeme karibu, kazi iachwe.

Baada ya hayo liko swali la kuyachukua maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi zile lita 200 ni kilo 200, mbali na tangi lenyewe. Asiye na gari kubwa anaweza kujaza madumu 8 ya lita 25 nyumbani, akayaweka chini ndani ya gari dogo baada ya kuangalia uzito ulioruhusiwa na watengenezaji wake, na akatumia kigari cha mkono chenye pampu na betri. Tangi la kubebwa mgongoni lafaa pahali pembamba, lakini lita 25 mgongoni kutwa nzima humzeesha kijana kabla ya wakati wake. Vani yenye tangi na mpira mrefu ni raha, ila tangi na lifungwe imara kwenye mwili wa gari, kwani gari lisimamapo ghafla maji hayasimami. Na maji yasiachwe yakalala tangini siku nyingi wakati wa joto. Baina ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi huzaa vijidudu vya maradhi ya mapafu. Wakati wa baridi kali, utando na pampu vilindwe visigande.

Sasa tuigawe fedha. Tuseme nyumba imekusanya pauni 1,200. Sisi twashauri nusu yake, pauni 600, iwe ya vitu vinunuliwavyo mara moja: kipimo, chujio au mtambo, upondo, brashi, pampu, betri na madumu. Robo, pauni 300, iwe ya vitu viishavyo na vya lazima: rezini, machujio, mpira wa akiba, bima ya madhara kwa wengine, na kwa wakaao Scotland, leseni ya baraza la mji, ambayo msafishaji wa madirisha huko aghalabu hutakiwa kuwa nayo. Robo ya mwisho isiguswe. Hiyo ndiyo itakayoliokoa juma lile pampu itakapokufa, au mvua itakapowafanya wateja waahirishe. Ikiwa nusu ya kwanza haitoshi kwa chombo fulani, jawabu si kuila robo ya mwisho, wala si kukopa kwa riba. Jawabu ni chombo kidogo zaidi na wateja kwanza.

Vani zing'aazo zenye majina ubavuni huwatia vijana haraka. Usione vyaelea, vimeundwa. Wengi wa wenye nazo walianza na madumu, wakaipata mitaa yao nyumba moja baada ya nyingine, na kila chombo kikubwa kikanunuliwa na kile kidogo kilichotangulia.

Basi mama akiulizwa fedha za upatu kwa kazi hii, asiulize kwanza upondo una urefu gani, wala gari ni la rangi gani. Na amwambie mwanawe, "Mwanangu, niletee namba ya maji ya bomba letu." Akiileta, na hesabu yake nyuma, hapo fedha zitakuwa zimepata mwenye kuziangalia.