Wa Tumbo Moja, Dirisha Moja la Udahili

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, dirisha la udahili, yaani kipindi ambacho vyuo hupokea maombi ya kujiunga, hufunguliwa, na zipo nyumba ambazo humo huomba watoto wawili kwa pamoja, tena wakati mwingine wote wakiitaka nafasi ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, ambacho chimbuko lake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Hao si lazima wawe mapacha. Mara nyingi mkubwa alipitia stashahada ya utabibu, ambayo humwezesha mtu kuajiriwa mapema kama tabibu wa zahanati au kituo cha afya, na baada ya miaka kadhaa ya kazi anaomba shahada kwa sifa linganishi, yaani kwa cheti kinachohesabiwa badala ya kidato cha sita. Mdogo wake anatoka moja kwa moja shuleni na tahasusi ya PCB, ambayo ni mkusanyiko wa masomo ya fizikia, kemia na bayolojia.

Kwa mwombaji wa kidato cha sita, kima cha chini kwa shahada ya udaktari ni pointi 6 katika masomo hayo matatu, kila moja likiwa na angalau daraja D, ilhali A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3 na D pointi 2. Kima hicho kinampa mtu haki ya kuomba tu. Pale waombaji wanapozidi nafasi, mwenye B mbili na C moja, yaani pointi 11, anatangulia mbele ya mwenye B moja na C mbili, na pengo hilo la pointi moja linaweza kuwatenganisha mapacha waliosomea meza moja kwa taa moja.

Jambo ambalo mizani hii haipimi, na hapo ndipo penye uzito, ni mchango wa ndugu mmoja katika alama za mwenzake. Tabibu anayemlipia mdogo wake gharama za kidato cha tano na cha sita huahirisha masomo yake mwenyewe, kisha siku ya kuomba anahesabiwa kana kwamba muda ule haukuwa na sababu. Si rahisi kuutungia kanuni mchango huo, lakini kutokuandikwa kwake hakuufanyi usiwepo.

Tangu mwaka 2017, waombaji hupeleka maombi vyuoni moja kwa moja badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo ada za maombi huongezeka kwa kila chuo na kwa kila mtoto. Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Wazazi wengine hudhani kwamba dada akithibitisha chuo cha Bugando, Mwanza, nafasi yake ya Muhimbili itamfaa kaka aliyekosa. Kumbe nafasi hiyo hurudi chuoni na kushindaniwa na wote katika awamu inayofuata, naye kaka ni mwombaji kama wengine.